Bisibisi ya Hamad na Ukuta wa Chooni

Chuma tulichokifunga ukutani ili kimshike baba kiling'oka kikiwa mkononi mwake. Hakikupinda, wala skrubu hazikukatika. Kilitoka chote kwa pamoja, na sahani zake za kufungia na skrubu zake na plagi zake za plastiki. Nilipousukuma mlango wa choo nilimkuta amelala ubavu kwenye maji, bado amekikumbatia kifuani. Hakulia. Aliniangalia kwa utulivu ambao mpaka leo siujui ulikuwa wa nini, akasema lile neno alilokuwa akilisema kwa kila kitu tangu maradhi yampate: "Alhamdulillahi."

Nayaandika haya kwa sababu kaka yangu Hamad amerudi. Aliondoka kwenda Maskati akiwa kijana na amerudi ana mvi, ana masanduku mengi, na ana nia ya kuibomoa sehemu ya nyuma ya nyumba yetu hapa Jadida, Wete, aijenge upya kwa matofali. Siku ya pili ya kuja kwake tulikaa mkekani kula, yeye, mimi na shangazi yetu Bi Mize, ambaye sasa haoni vizuri lakini masikio yake yanasikia mpaka kijiko kikigusa sahani ya jirani. Hamad aliinuka kutafuta kiberiti kabatini akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na bisibisi ya betri, ile aliyotuletea mwaka ule wa maradhi ya baba, ndogo, rangi ya kijani, inajaa kiganjani kama embe dodo. Aliibonyeza. Haikutoa sauti.

"Betri imekufa," alisema.

"Si betri peke yake iliyokufa," alisema Bi Mize, akaendelea kutafuta minofu ya samaki kwa vidole.

"Shangazi, mashine haikuwa na kosa. Nimesema tangu wakati ule na nasema sasa. Ukuta ndio uliokuwa muongo."

"Nani kakuuliza, Hamad? Mie nala wali."

Nilicheka, na Hamad akacheka, lakini mkebe ulibaki katikati ya mkeka mpaka tukamaliza kula, na hakuna aliyeusogeza. Watu waliozaliwa nyumba moja wanaweza kugombana juu ya kitu kimoja nusu ya umri wao bila ya kukitaja zaidi ya mara tatu. Sisi tumegombana juu ya kama bisibisi ile ingeweza kufanya kazi ya drili. Kwa mtu wa nje ni mzaha. Kwetu ni swali la jinsi baba yetu alivyomaliza siku zake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo na nasubiri kuitwa kazini. Baba alipata kiharusi akiwa anafunga kifungo cha kanzu kwenda sala ya Ijumaa. Upande wake wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakampotea yote isipokuwa hilo la kumshukuru Mungu na "hapana." Chumba chake kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja la kutazama uani ambako majirani walikuwa wakianika karafuu kwenye majamvi, na harufu yake ikajaa shukani, chandaruani na kwenye maji ya kunywa. Kitanda tulikiweka kikaegemea ukuta upande wake wa kushoto, ili mkono uliokuwa mzima uwe na kitu cha kushika. Nyuma ya ukuta huo ndiko kulikokuwa na choo. Mwendo ulikuwa mfupi: utoke mlango wa chumba, upinde, uingie mlango wa choo. Mtu mzima asingeuhisi. Kwa baba ulikuwa safari.

Kilichomtesa zaidi si mguu, ulikuwa mkono. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kutia tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto, na aliwahi kumzuia mgeni katikati ya chakula kwa jambo hilo. Sasa mkono wa kushoto ndio uliobaki peke yake, na kazi zake za zamani zilikuwa zile za chooni. Shehe wa msikitini alikuja kumwambia kuwa mgonjwa ana udhuru na hana dhambi. Baba alimsikiliza, akasema "Alhamdulillahi," na sahani ilipokuja akaugeuza uso. Tulimnunulia vijiko vyenye maua kwenye mpini, tukidhani kijiko kitamtoa aibu. Alikuwa anakishika, anakitazama, anakiweka kifuani. Nilikuwa nikimlisha uji mimi mwenyewe, na hata hivyo alikunywa kidogo, na nilichelewa kuelewa kwa nini. Anayekula huenda choo. Alikuwa anapunguza safari.

Mtu ambaye baba alimkubali ampeleke chooni alikuwa mmoja tu, Fundi Shaame, seremala, jirani yetu wa mlango kwa mlango. Alikuja asubuhi na jioni, akamwinua kwa kwapa, akaingia naye, na akatoka naye huku akimzungumzisha habari za mbao na bei za misumari kana kwamba wamekutana sokoni. Mimi binti yake na Bi Mize dada yake hakutukubalia kabisa. Tukigusa shuka tu alisema "hapana," neno lake la pili, na alilisema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kijana wa hospitali aliyekuwa akimfundisha mazoezi alituambia tumfungie chuma ukutani, upande wa kushoto, ili ainuke na kukaa mwenyewe. Wachomeaji wa mjini walitukatia bomba, wakalipinda, wakalitia sahani mbili zenye matundu. Kilichobaki ni kulifunga. Shaame alikuwa na drili nzuri, kubwa, ya waya, lakini umeme wa wakati ule ulikuwa wa mgao, na kila alipokuja na drili yake umeme ulikuwa umekwenda, na kila umeme ulipokuja yeye yuko kazini. Chuma kikakaa kimeegemea mlango wa jiko. Tukakizoea, tukaanika vitambaa juu yake.

Ndipo nilipompigia simu Hamad. Nilimwambia atuletee drili. Nilimweleza habari ya umeme na yeye akafikiri, kama anavyofikiri siku zote, kwa haraka.

"Sasa kama umeme hamna, drili ya waya ya nini, Riziki? Nimeona kitu dukani hapa, cha betri. Kidogo, unatia mfukoni. Unakichaji umeme ukija, unafanya kazi umeme ukenda."

"Kinatoboa ukuta?"

"Muuzaji kaniambia siku hizi hakuna haja ya drili. Kwenye boksi imeandikwa mbao, chuma, ukuta. Picha ipo."

Bisibisi ilifika kwa mkono wa msafiri wa Wete. Siku za mwanzo niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Nilizunguka nyumba nzima nikikaza. Bawaba za kabati zilizokuwa zikilia tangu utoto wangu zilinyamaza. Mpini wa sufuria, kitasa cha mlango wa uani, miguu ya meza, vyote vilikazika kwa kubonyeza kidole. Majirani walileta viti vyao. Bi Mize alikuwa akikaa kigodani ukumbini kama karani, anawapangia zamu. "Weka hapo, bibiye. Yako baada ya stuli ya Bi Chumu." Ilikuwa nyepesi, haikuchosha mkono, na skrubu ilipofika mwisho ilitoa sauti ya kukatakata, kuonesha kuwa imekwisha kukaza na haitaki kuharibu. Shaame aliipima mkononi, akaisogeza jichoni kama fundi saa.

"Nzuri," alisema. "Lakini hii ya kufungia, mwanangu. Ya kutobolea nyengine. Nikitoboa ukuta kwa hii ntamaliza siku ya kiyama, na Mungu atanambia ningoje, wengine washahesabiwa."

Wiki ile ile aliitwa Kojani kutia milango ya msikiti. Kojani ni kisiwa, hakuna njia ila ya mashua, na kazi kama ile mtu hulala huko huko mpaka iishe. Alikwenda na drili yake na jenereta ya kukodi. Kabla ya kuondoka aliingia kwa baba, akamwambia atarudi, kisha akaniambia mimi mlangoni: "Ningojee. Chuma kile kina mzigo wa ntu." Nilimwambia nitamngojea, na nilikuwa na nia hiyo.

Watu wa msikiti wa mtaani kwetu hawakututupa. Asubuhi ya kwanza walikuja wanaume wengi, wakarimu, wenye sauti kubwa, wakamwinua baba kama watu wanaohamisha kabati. Alifumba macho tangu kitandani mpaka chooni na kurudi. Jioni walipokuja tena alisema "hapana," na kesho yake "hapana," wakaondoka wakiwa na huzuni kuliko sisi. Kuanzia hapo baba aliacha kula. Si kupunguza, kuacha. Akaacha na maji. Nilikuwa nikimwekea kikombe mdomoni na meno yake yanafungana, nasikia udongo wa kikombe unagonga kwenye meno. Midomo ilipasuka. Bi Mize alikaa jikoni akikuna nazi kwa ajili ya ubwabwa ambao hakuna mtu angeula, akasema peke yake, si kwangu: "Ndugu yangu anajiua kwa kuona haya." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema.

Kwa hivyo nilichukua bisibisi. Biti ya ukuta, ile ncha ya kutobolea, niliyoikuta dukani haikuingia kwenye mdomo wa mashine, kwa sababu mdomo wake ulikuwa wa pembe sita na biti ilikuwa ya mviringo. Nikazunguka maduka mpaka nikapata moja nyembamba yenye mkia wa pembe sita. Nilipoiweka kwenye plasta na kubonyeza, ilizunguka polepole, kwa heshima, kama inayoomba ruhusa. Lilitoka vumbi jeupe kidogo, la kutosha kupaka paji la uso tu. Nilisukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Mashine ilipata moto, ikapunguza mwendo, ikasimama, na nilichokuwa nimekipata ni kishimo cha kutosha kuweka punje ya mtama. Tukasubiri umeme uje, tukaichaji, nikaanza tena. Bi Mize akaleta nyundo na msumari mnene. "Hebu acha hicho kidude kipumzike," alisema. Tukapiga msumari kwa zamu, na plasta ikabanduka vipande vidogo vidogo, kisha ghafla kazi ikawa nyepesi. Msumari ukazama. Vumbi likabadilika rangi, likawa jekundu.

"Mbona jekundu?" niliuliza.

"Tofali za zamani hizo. Walikuwa wakichanganya na mchanga wa shamba. Piga."

Hapo ndipo tuliposikia anagonga. Upande wa pili wa ukuta, chini kidogo ya tulipokuwa, baba alikuwa akipiga kwa vifundo vya vidole. Alipiga, akanyamaza, akapiga. Bi Mize alikaza uso. "Tunamsumbua maskini. Tena kichwa kinamuuma. Fanya upesi, mwanangu, tumalize." Nikafanya upesi. Nilitoboa matundu yote, nikatia plagi, nikaweka chuma, nikashika bisibisi. Na hapo mashine ile ilionesha ilichojua. Iliingiza skrubu ndefu moja baada ya nyengine bila ya kusita, na kila moja ilipofika mwisho ilitoa ile sauti yake ya kukatakata, ya uhakika. Sauti ile niliiamini. Nilikamata chuma kwa mikono miwili nikaning'inia. Kilishika. Bi Mize naye akakamata, akainua miguu kama mtoto kwenye bembea, kanga ikamteremka, akacheka mpaka akakohoa. "Kinafungwa ng'ombe hiki!" Huko chumbani kugonga kulikuwa kumekwisha.

Baba alitumia chuma kile siku chache. Nataka niziandike kwa sababu Hamad hakuziona. Tulimsindikiza mpaka mlangoni tu. Aliingia kwa kujikokota, akaurudisha mlango, na sisi tukakaa ukumbini tukisikiliza maji yakimwagika kwa mafungu, mdomo, pua, uso, kwa mpangilio wa udhu, polepole sana, maana mkono ulioshika chuma ndio huo huo uliotakiwa kuteka maji. Alikuwa akijiegemeza, anaachia, anateka, anashika tena. Alitoka ndevu zinachuruzika. Mchana ule alikunywa uji wote, na jioni akala muhogo wa nazi kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, akitazama ukutani. Bi Mize aliingia jikoni akalia na akasema ni moshi. Mimi nilimpigia Hamad nikamwambia kuwa kidude chake kimefanya kazi, na akapiga kelele za furaha mpaka watu aliokuwa nao wakamuuliza kulikoni.

Kisha ikaja asubuhi ile niliyoanza nayo.

Hakuvunjika mfupa. Watu walituambia tushukuru kwa hilo, na tulishukuru. Lakini hakutoka tena chumbani mwake kwa miguu yake. Shaame aliporudi kutoka Kojani alikuta matundu ukutani yanachuruzika tope jekundu. Maji ya udhu yalikuwa yakiingia humo kila siku. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Alichomeka drili yake kubwa akaijaribu pembeni ya matundu yetu, na biti ikapita kwenye plasta kwa kelele kisha ikazama mpaka shingoni bila ya kelele yoyote. Aliitoa, akaitazama ncha yake, akaipangusa kwa kidole.

"Udongo," alisema. "Ukuta huu miti na udongo, umepigwa saruji juu. Na mie naingia humu kila siku naujua wa tofali! Wallahi hata ningekuwepo mie na drili yangu, chuma kingeng'oka vile vile."

Bi Mize ndiye aliyekumbuka siku za ujenzi. Baba alipokuwa anajenga, marehemu mama alikwenda kwao kujifungua Hamad, kama ilivyo kawaida, na aliporudi na mtoto mchanga aliikuta nyumba imekwisha, imepakwa chokaa, na wakwe wamealikwa kuiona. Nyumba ya tofali yote, baba aliwaambia, na tangu siku hiyo sote tuliishi ndani ya nyumba ya tofali. Kumbe tofali zilikuwa zimemwishia kwenye ukuta wa mwisho, na akaufunika vizuri sana. Hakuna aliyejua ila yeye na aliyempigia plasta, ambaye alikwishakufa zamani.

Shaame alitufungia nguzo mbili za mkarafuu, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti, na chuma akakitia kwenye nguzo, si ukutani. Mti ule mgumu, skrubu haiingii bila ya kutobolewa kwanza, kwa hivyo alitoboa kwa drili, kisha akanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka akasema, "Nipe hicho kidude cha Hamad." Nikampa. Kilizungusha skrubu zote vizuri. Baba alibebwa na Shaame mpaka mlangoni aone. Alizitazama nguzo, akautazama ukuta uliozibwa, akasema "Alhamdulillahi," na hakukigusa chuma kile hata mara moja. Alirudi kwenye uji wake mdogo na kwenye mikono ya Shaame. Alifariki kabla ya Ramadhani. Mimi niliitwa kazini baada ya matanga, na tangu hapo nimefanya kazi ya kuwauliza watu maswali na kuandika wanachojibu, na mara nyingi nikiwa mbele ya mtu anayesema neno moja tu huwa naangalia mkono wake unafanya nini.

Kitanda cha baba hakikusogezwa miaka yote hii. Bi Mize alikuwa akilala juu yake na hakutaka kiguswe. Juzi Hamad alikisogeza ili mafundi wapate nafasi ya kubomoa. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Ukutani, pale ambapo mkono wa kushoto wa mtu aliyelala unafika, plasta ilikuwa imekwanguliwa. Si ufa, si unyevu. Ilikwanguliwa kwa mkono, kwa subira, upana wa kiganja, mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Chini, kati ya ukuta na mguu wa kitanda, kulikuwa na kijiko chenye maua kwenye mpini. Ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja.

Hamad alikaa chini. "Alikuwa anakuambieni," alisema. "Aligonga hamkumsikia, akakwangua kwa kijiko akuonesheni. Na hamkuangalia."

"Kitanda kikiegemea ukuta, nani ataona?" alisema Bi Mize kutoka mlangoni. "Tena nani kakwambia alikwangua kabla ya kuanguka? Alikwangua baada. Baada ya kuanguka. Kwa hasira. Mie kijiko kile nilimlishia uji siku zile kalala ubavu."

"Vilikuwa sita, shangazi," nilisema. "Vyote vina maua."

Nakumbuka kijiko kimoja kilipotea wiki ile Shaame aliyokwenda Kojani, kwa sababu nilikitafuta kwenye maji ya kuoshea vyombo. Nakumbuka pia baba akila muhogo kwa kijiko kama kile baada ya chuma kufungwa, na macho yake yako ukutani. Vyote viwili nina hakika navyo, na havitoshi. Kama alikwangua kabla, alikuwa anajaribu kutuokoa na ukuta wake mwenyewe. Akawa ameingia chooni siku zile zote akijua, akashika kile chuma akijua. Kama alikwangua baada, sijui alichokuwa anakitafuta humo.

Hamad amenunua drili mpya, kubwa, na bisibisi mpya ya betri, ameziweka zote mbili mezani. Mafundi wamefika leo asubuhi na nyundo zao, wamekaa uani, wanakunywa chai. Wanauliza waanzie wapi. Nimewaambia waanzie upande wa chooni, na ule wa chumbani, wenye alama ya kijiko, wausubirishe kidogo.